Miraba Isiyofanana, Mfarishi Mmoja

Mtu aliyeshona mifarishi ya viraka kwa muda mrefu hakosi mfuko wa miraba iliyobaki. Upo mraba wa majaribio, ulioshonwa ili kuona kama ncha za nyota zitakutana. Ipo miwili iliyozidi hesabu ya kitanda. Ipo iliyotoka kwa rafiki aliyeacha kushona, na ipo iliyokutwa kwenye sanduku la bibi aliyekwisha kufariki, imekunjwa vizuri na pini zake zimeshika kutu. Mmoja una inchi 12, mwingine 9, mwingine ulikusudiwa kuwa wa 10 lakini aliyeushona alikuwa na haraka. Rangi hazielewani, wala mitindo. Mwenye mfuko kama huo hushauriwa mambo mawili: achague inayofanana na kuitupa mingine, au ashone mipya mpaka seti itimie. Ushauri wa kwanza unapoteza kazi iliyokwisha kufanywa. Wa pili unaongeza kazi, na mwisho wake mfuko unabaki na mabaki mapya. Mwongozo huu unakuelekeza kwingine. Tafuta jambo moja ambalo miraba yako yote italishiriki, lishike bila kulegeza, kisha mengine yote yaache yatofautiane. Jambo hilo laweza kuwa kipimo, rangi ya kitambaa cha kuunganishia, aina ya kitambaa, au mshono wa juu. Moja linatosha kuusimamisha mfarishi, na mawili huufanya upendeze. Ukiyadai yote manne utarudi kulekule kwenye kutupa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili upo Marekani, na ni mkubwa hata kwa uzito. Mwaka 1987, mjini San Francisco, ulianzishwa mradi wa NAMES wa kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI kwa vipande vilivyoshonwa na ndugu, wapenzi na marafiki zao. Oktoba mwaka huohuo vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja mkubwa wa Washington, na leo vimefika takriban 50,000. Kuna vilivyoshonwa kwa jinzi, kwa ngozi, kwa fulana za marehemu, kwa mashuka, vingine na mkono wa fundi hodari na vingine na mkono ambao haukuwahi kushika sindano. Havikuwekewa masharti ya rangi wala mtindo. Kitu kimoja kilishikiliwa: kila kipande kiwe na futi 3 kwa futi 6. Vinane vikiunganishwa vinatoa mraba mkubwa wa futi 12 kwa 12, na mraba huo unakaa pembeni ya mwingine wowote bila kubishana nao. Kipimo kile peke yake kilitosha kufanya maelfu ya vipande vya watu wasiojuana viwe kazi moja.

Unaweza kusema kwamba ile ni kumbukumbu ya kutandazwa uwanjani na kutazamwa na umati unaopita, na kwamba mfarishi wa kitandani unatazamwa kwa karibu, kila siku, na watu walewale. Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo inayonifanya niseme kwamba kwa mfarishi wa nyumbani kipimo ni mwanzo tu, kisha kiongezewe jambo la pili. Tazama mifarishi ya mji wa Baltimore, hukohuko Marekani, ya miaka ya 1840 na 1850, ile ambayo kila mraba wake una picha tofauti: huu una shada la maua, ule una kikapu cha matunda, ule mwingine una ndege au meli. Mara nyingi ilikuwa kazi ya mikono mingi, na baadhi ya miraba ilitiwa saini. Ukiitazama leo kwenye majumba ya makumbusho, huoni vurugu. Miraba ina kipimo kimoja, maua na ndege vimeshonewa juu ya pamba nyeupe, na nyekundu na kijani zinarudi kila mahali. Walioishona waliacha michoro iende itakako kwa sababu kitambaa cha chini kilikuwa kimoja.

Mfano wa tatu unatoka Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kwenye kona ya mto Alabama. Mwaka 1972 chama cha ushirika cha wanawake wa eneo hilo, Freedom Quilting Bee, kilipata kazi ya kushona foronya za mito kwa ajili ya maduka ya Sears. Kitambaa kilikuwa kodrai, kile kizito chenye mistari ya manyoya mafupi. Mabaki ya kodrai hiyo, nyekundu, ya dhahabu na ya kijani cha parachichi, yalirudi majumbani na kugeuzwa mifarishi. Vipande vilikuwa vya urefu wowote na kila mshonaji aliviunganisha alivyotaka, lakini mng'ao na mistari ya kodrai vilivishika pamoja. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa kwenye Museum of Fine Arts ya Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake. Wapo wanaosifu mifarishi hiyo wakisema uzuri wake ni wa kutofuata sheria yoyote. Nadhani hawajaitazama vya kutosha. Mtindo unaopendwa sana pale, unaoitwa Housetop, huanza na kipande kimoja katikati na kuzungushiwa kanda, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka mwisho. Kanda zaweza kupinda, rangi zaweza kukatika njiani na kuendelea na nyingine, lakini mzunguko hauachwi. Sheria zipo na ni ngumu. Ni chache tu, na zimechaguliwa vizuri.

Basi toa mfuko wako, na kabla ya kuwaza rangi, chukua tepu. Pima kila mraba kutoka ukingo mbichi hadi ukingo mbichi, kwa upana na kwa urefu, na uandike kipimo kwenye karatasi uliyoibana kwa pini. Kumbuka kwamba mraba unaoitwa wa inchi 12 unatakiwa kupima 12 na nusu kabla ya kuunganishwa, kwa kuwa kila upande unapoteza robo inchi ndani ya mshono. Usishangae ukikuta 12 na robo hapa, 12 na robo tatu pale, na mwingine ambao pande zake nne hazilingani. Kosa linalofanywa na wengi hapa ni kuikata yote ilingane na mdogo kuliko wote. Mraba wenye nyota umeachiwa robo inchi tu kati ya ncha na ukingo. Ukiukata, mshono utapita juu ya ncha na nyota itabaki butu, na kazi nzuri ya mtu itakuwa imeharibiwa kwa sababu ya kazi mbaya ya mwingine. Mdogo ndio unaopaswa kuongezwa.

Njia ya kuuongeza ni kuuzungushia fremu ya kitambaa, na hesabu yake ni nyepesi. Amua kipimo kimoja cha mwisho, kinachozidi mraba wako mkubwa kwa angalau inchi 2. Tuseme mkubwa una 12 na nusu, basi cha mwisho kiwe 14 na nusu. Toa kipimo cha mraba kwenye kipimo cha mwisho, gawa kwa mbili, ongeza nusu inchi: huo ndio upana wa kanda zake. Mraba wa 12 na nusu utahitaji kanda za inchi moja na nusu, na wa 9 na nusu utahitaji kanda za inchi 3. Sasa ongeza nusu inchi nyingine juu ya hesabu hiyo, kwa makusudi, ili fremu izidi. Shona kanda mbili za pande zinazotazamana, piga pasi, punguza ncha, kisha shona mbili zilizobaki. Kata boksi gumu liwe mraba wa inchi 14 na nusu kamili, lilaze juu ya kazi yako huku katikati yake ikiwa juu ya katikati ya mraba, chora kwa chaki, ukate. Mraba uliopinda utatoka umenyooka, kwa kuwa upotofu wake wote umeingia kwenye fremu, ambako jicho haliuoni. Kanda zikatwe sambamba na ukingo wa kiwandani wa kitambaa. Miraba mingi ya zamani ina kingo zilizokatwa kwa mshazari, nazo hutanuka zikivutwa kidogo tu. Ukanda ulionyooka huzishika zisiendelee kutanuka.

Kwa kuanza, miraba 12 inatosha. Kila mmoja ukiwa na inchi 14 baada ya kuunganishwa, mitatu kwa upana na minne kwa urefu itakupa mfarishi wa inchi 42 kwa 56, wa mtoto au wa kujifunika kochini. Kitanda cha futi sita kwa sita kitataka miraba 36, sita kwa sita, itakayotoa inchi 84 kila upande na kuning'inia nusu futi pembeni. Kitambaa cha fremu za miraba 12 hakizidi mita moja na nusu. Anayeuliza faida iko wapi ikiwa mabaki yenyewe yanamlazimisha kununua kitambaa, alinganishe mita hiyo na saa zilizokwisha kuingia kwenye miraba 12. Hata hivyo si lazima ununue. Shuka la pamba ambalo katikati yake imechakaa huwa na pande zake bado nzima, na kanda za fremu ni nyembamba kiasi cha kupatikana humo.

Rangi ya kitambaa hicho ndiyo uamuzi mkubwa kuliko yote, na wengi huukosea kwa kutafuta rangi inayoelewana na kila mraba. Haipo. Tazama badala yake kingo za miraba yako: nyingi ni nyeupe na za rangi hafifu, au nyingi ni nzito? Ikiwa ni hafifu, chukua kitambaa kizito, kama bluu ya usiku au kijivu cha mkaa, ili kila mraba uonekane unapoanzia na unapoishia. Ikiwa ni nzito, merikani isiyopaushwa au krimu itafaa zaidi. Waamishi wa Ohio, jamii ya Wakristo wa Marekani, walitumia sana nyeusi, na rangi kali zilizokaa karibu na nyeusi yao huonekana zimetulia. Kitambaa kiwe cha rangi moja, au cha maua madogo sana yanayopotea ukisogea hatua nne. Kitenge chenye picha kubwa, hata kiwe kizuri vipi, kitashindana na miraba na kuishinda.

Kabla hujashona chochote, ipime miraba kwa mambo mawili. La kwanza ni kuchuja. Lowanisha kitambaa cheupe, kilaze juu ya nyekundu au bluu, kandamiza kwa pasi ya moto. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, itahamia pia kwenye majirani siku ya kufua, kwa hiyo mraba huo uweke kando kwa mkoba au kitu kisichofuliwa na vingine. La pili ni aina ya kitambaa. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo, uchome juu ya sahani ya chuma. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Miraba ya poliesta si ya kutupwa, ila pasi yake iwe ya moto mdogo, na ile myembamba inayoteleza itiwe kitambaa chepesi cha pamba nyuma kwa bandi za kuzunguka. Kitambaa kipya cha fremu kifue kwanza, kwa kuwa pamba ambayo haijafuliwa hurudi, na ikirudia kwenye mfarishi uliokwisha kushonwa itaukunja. Miraba yenyewe usiifue ikiwa bado haina fremu, kingo zitafumuka.

Upangaji ufanyie sakafuni, au kwenye shuka uliloning'iniza ukutani. Anza na miraba inayopiga kelele, ile ya machungwa au yenye nyeusi na nyeupe zilizogongana, uitenganishe kwa nafasi mbili au zaidi. Ile mipole ijaze katikati. Kisha piga picha kwa simu na uigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Hapo utaona usichokiona kwa macho: kona moja yote ni nzito na nyingine imefifia, ingawa kwa rangi zilionekana zimegawanyika sawa. Badilishana nafasi, piga tena. Na kuna kanuni inayostahili kutafakariwa kidogo. Rangi inayoonekana mahali pamoja tu huonekana kama ajali. Ileile ikionekana mahali patatu, mtazamaji huamini ilikusudiwa. Ikiwa mraba mmoja pekee una rangi ya machungwa, usiutoe. Katika fremu mbili za mbali, ondoa kona na uweke kipande kidogo cha rangi hiyohiyo, cha inchi mbili au tatu kadiri ya upana wa fremu. Vipande viwili vidogo humaliza ugeni wa mraba mzima.

Ni kweli pia kwamba miraba mingine haifai, na kusema yote ni mizuri kungekuwa kukudanganya. Mraba uliovimba katikati hadi haulali chini hautanyooshwa na fremu. Ukate vipande vinne kupitia katikati, uvigeuze, uvichanganye na vipande vya mraba mwingine uliokatwa hivyohivyo, na uvimbe utaondoka pamoja na mishono iliyousababisha. Kitambaa kilichooza, kinachochanika ukikivuta polepole kwa vidole, hakifai kulaliwa. Hicho kiweke kwenye fremu ya kioo. Wengine husita hata kwenye miraba mizima, wakiona kwamba kugusa kazi ya marehemu ni kumkosea. Fremu haikati chochote cha kazi yake. Inashika robo inchi ya ukingo ambayo yeye mwenyewe aliiacha kwa ajili ya mshono, na mtu akitaka siku moja aweza kuifumua. Mraba uliofungiwa sandukuni haumkumbushi mtu yeyote, na nondo na unyevu havisiti.

Baada ya kuunganisha uso, piga pasi mishono yote, kisha tandaza tabaka tatu: kitambaa cha chini kinachozidi kwa inchi 3 kila upande, kijazio cha kati, na uso juu. Kwenye nchi za joto kijazio kiwe shuka kuukuu au blanketi jembamba la pamba, maana pamba nene itaufanya mfarishi usitumike kwa miezi mingi ya mwaka. Na mshono wa juu ndio nafasi yako ya mwisho ya kuvifanya vyote viwe kitu kimoja. Hapa walimu wazuri ni wanawake Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakitokea pwani hii yetu ya mashariki. Mifarishi yao, inayoitwa kawandi, hushonwa kwa nguo kuukuu za kila namna, na hakuna anayejisumbua kutafuta vinavyofanana. Mshonaji huanzia ukingoni, huweka kiraka, hukikunja kingo, hupiga bandi, huweka kinachofuata, akizunguka mpaka afike katikati. Bandi hizo zimebanana, mstari kwa mstari, bila kujali kiraka kipi kimeanzia wapi. Kwenye pembe nne hutiwa vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, vinaitwa phula, yaani maua, na bila hivyo mfarishi huhesabiwa haujakamilika.

Chukua hilo la bandi. Wengi hufuata umbo la kila mraba kwa mshono, nyota kwa nyota, kikapu kwa kikapu, na hivyo kurudisha utengano waliokwisha kuuondoa. Piga mistari iliyonyooka inayokatisha juu ya yote, kwa umbali wa inchi moja na nusu au mbili, kwa mkono au kwa cherehani. Uzi uwe wa rangi moja toka mwanzo hadi mwisho. Anzia katikati ikiwa una tabaka tatu zilizolegea, ili makunyanzi yasukumwe nje. Wasidi huweza kuanzia ukingoni kwa kuwa wanaweka viraka wakishona. Kingo zifunge kwa ukanda wa inchi mbili na nusu uliokunjwa mara mbili kwa urefu. Kwa mfarishi wa inchi 42 kwa 56, kanda tano za upana mzima wa kitambaa zinatosha, zitoke kwenye kitambaa kilekile cha fremu.

Mwisho, geuza mfarishi na ushone nyuma yake kipande cheupe kilichoandikwa kwa wino usiofutika: nani alishona miraba ipi, kama unajua, nani aliyeunganisha, wapi na mwaka gani. Mifarishi mingi ya zamani imepoteza majina ya walioishona kwa kukosa kazi hiyo ya dakika chache. Mara ya kwanza uufue peke yake, kwa maji baridi na sabuni kidogo, usiukamue kwa kuupotoa, na uuanike kivulini ukiwa umelala juu ya kamba mbili au tatu, maana ukiloa ni mzito na kamba moja huivuta mishono.